Roshani au dirisha: tushauriane kuhusu kabini za safari ya meli

Mwanzisha uzi:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi na mama yangu mzazi tunajiandaa kwa safari ya meli ya kitalii kutoka Vancouver, Kanada, kuelekea kaskazini hadi Seward, Alaska, ambako tutashuka moja kwa moja bila kurudi kwa meli. Ratiba ina siku nzima ya kukaa ndani ya ghuba ya Glacier Bay, hifadhi ya taifa yenye mito ya barafu. Mambo mengine yote yamekwisha kupangwa isipokuwa kabini. Wakala wetu ametupa chaguo mbili: kabini yenye dirisha katika sitaha ya chini, karibu na omo (mbele ya meli), au kabini yenye roshani katika sitaha ya juu, karibu na tezi (nyuma ya meli). Tofauti ya nauli ni kubwa na siwezi kuipuuza.

Mama ni mtu mzima sana, magoti yanamsumbua, na chombo kikianza kwenda mrama kichwa humzunguka mara moja. Hata hivyo, kinachompeleka huko ni barafu na nyangumi, na hana haja na mabwawa ya kuogelea wala maonyesho ya usiku. Maelezo ya kampuni husifu kila aina ya kabini, kwa hiyo hayanisaidii kuchagua. Naomba waliowahi kulala katika kabini hizi, au waliofanya kazi melini, wanipe sababu zao kwa urefu.

Mpanga Safari:

Ndugu yangu, hongera kwa kumpeleka mama mahali alipopatamani. Mimi huwashauri watu waisome ratiba kwanza, kabini baadaye. Jiulize mandhari mliyoifuata itapita saa ngapi, na saa hiyo ninyi mtakuwa wapi.

Chukua safari za Mediterania. Meli hufunga gati asubuhi, abiria hushuka mjini, hurudi jioni wakiwa wamechoka, meli hung'oa nanga wakati wa chakula, kisha husafiri usiku kucha. Aliyelipia roshani katika safari ya namna hiyo mara nyingi huitumia kutazama giza na taa za gati. Wapo hata leo wanaoichukua kwa ajili ya kuingia Venice na kuona uwanja wa Mtakatifu Marko wakiwa wameketi kitini mwao, ilhali tangu tarehe 1 Agosti 2021 serikali ya Italia imezuia meli kubwa kupita katika mfereji wa Giudecca, njia iliyozipitisha karibu na uwanja huo, na baadhi yake sasa hupelekwa Marghera, ambayo ni bandari ya viwanda. Kwa ratiba yenye bandari kila siku, mimi hupendekeza dirisha bila kusita.

Alaska ni jambo jingine kabisa. Katika Glacier Bay meli ya kitalii haifungi gati mahali popote. Meli mbili tu za aina hiyo huruhusiwa kuingia kwa siku, walinzi wa hifadhi hupanda melini na kueleza mnachokiona kupitia vipaza sauti, na kutwa nzima ni ya kutazama. Zaidi ya hayo, mwezi Juni katika latitudo ile kuna takriban saa 18 za mwanga, jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hata baada ya chakula cha jioni roshani bado ina kazi. Njia yenu nayo ni nzuri. Meli zinazoanzia Vancouver hupita ndani, kati ya kisiwa cha Vancouver na bara, na huko maji yametulia na milima iko pande zote mbili. Meli nyingi zinazoanzia Seattle hupita nje ya kisiwa hicho, katika bahari kuu, na siku ya kwanza abiria wake huona maji matupu.

Ushauri wangu ni roshani, na kwa kuwa mnakwenda kaskazini tu, iwe ubavu wa kulia, kwa maana pwani itakuwa upande huo kwa sehemu kubwa ya safari.

Mtetezi wa Dirisha:

Kwa heshima zote, Mpanga Safari, naona umeharakisha. Safari za bahari zilisifiwa miaka mingi kabla roshani hazijawa za watu wa kawaida. Titanic ya mwaka 1912 ilikuwa na vyumba viwili tu vyenye baraza ya faragha, vya matajiri wakubwa. Hata baada ya meli Royal Princess kuzinduliwa mwaka 1984 ikiwa na kabini zote za upande wa nje, nyingi miongoni mwake bado zilikuwa za dirisha. Abiria hao hawakukosa kuona bahari, kwa sababu sitaha za wazi ni za kila aliyelipa nauli, awe amelala ndani kabisa au katika chumba cha kifahari.

Roshani ina kasoro moja ambayo haitajwi vya kutosha: huonyesha upande mmoja tu. Nyangumi akiibuka ubavu wa kushoto nanyi mmeketi kulia, mtasikia kelele za watu wengine na hamtaona kitu. Aliye kwenye sitaha ya juu huvuka kwa hatua chache. Tena kuna baridi. Joto la mchana wa kiangazi katika ghuba zile huwa kati ya nyuzi 10 na 15 za Selsiasi, na karibu na barafu upepo hukata zaidi. Mtu mzima hataketi nje kwa saa nyingi hata akivikwa blanketi, na muda mwingi atakuwa ndani akitazama kupitia kioo cha mlango, ambacho ni dirisha lilelile kwa nauli kubwa zaidi.

Fedha mtakazookoa zitawatoa kwa boti ndogo mkifika Juneau, na mtamwona nyangumi kwa karibu kuliko roshani yoyote itakavyowaonyesha. Mimi nachagua dirisha.

Mpiga Picha:

Hoja ya boti ndogo naikubali kabisa. Lakini kusema kwamba kioo cha mlango ni sawa na dirisha si sahihi, kwa sababu mlango hufunguka na dirisha la melini halifunguki.

Wengi hawajui hali ya kioo baada ya siku mbili za bahari. Maji ya chumvi hurushwa, hukauka, na kuacha utando mweupe ambao huwezi kuufuta, maana uko nje na wewe uko ndani. Mabaharia huosha vioo meli ikiwa bandarini, tena si kila bandari. Jua likiwa chini na kukipiga kioo hicho, utaona madoa ya chumvi kabla ya kuona mlima. Usiku taa ya chumbani hugeuza kioo kuwa kama cha kujitazamia.

La pili ni sauti. Barafu ya Margerie, mto wa barafu unaoishia majini ambao meli nyingi husimama mbele yake katika Glacier Bay, ina uso wa upana wa takriban kilomita 1.6, na ukuta wake hupanda mita 70 na ushei juu ya maji. Kipande kinapomeguka, kwanza unaona vumbi la barafu likitiririka na donge likishuka, kisha baada ya kitambo kidogo mshindo unakufikia, mzito, ukigonga kifua, halafu mwangwi wake unarudi kutoka milima ya upande wa pili. Kabla ya hapo barafu hulia kwa mipasuko midogomidogo, na mwenye sikio zuri hugeuza uso mapema kwa kuisikia. Aliye nyuma ya kioo kizito huona donge likianguka kimyakimya. Yeye ameona nusu ya jambo.

Kuhusu upande mmoja, mbele ya barafu hiyo nahodha huigeuza meli polepole ili kila ubavu upate zamu yake, kwa hiyo mwenye roshani hakosi. Ni kweli kwamba kwa nyangumi hakuna dhamana. Tena ubavu wa kulia alioutaja Mpanga Safari una maana zaidi nje, pale meli inapofuata pwani. Ndani ya vilango vyembamba vya bahari pande zote zina cha kuonyesha.

Mwanzisha uzi:

Nawashukuru. Hoja ya sitaha ya wazi imenigusa, lakini nina wasiwasi. Nimeambiwa kwamba meli ikisimama mbele ya barafu watu hujaa kwenye ukingo, tena mapema. Mama hawezi kusimama kwa saa nzima, wala hawezi kupenya msongamano. Je, mwenye hali yake atapata nafasi huko juu?

Mtetezi wa Dirisha:

Ndugu yangu, kwa maelezo hayo nalegeza msimamo. Nilikuwa namfikiria abiria mwenye miguu imara. Mtu asiyeweza kusimama kwa muda mrefu atapata shida juu, isipokuwa akae katika ukumbi wenye vioo vikubwa, na huko nako viti huwahiwa tangu asubuhi. Kwake yeye roshani inakuwa mahali pekee pa wazi ambapo kiti chake hakichukuliwi na mtu.

Baharia Mstaafu:

Wanangu, nimesoma yote kwa utulivu. Nilihudumu upande wa kabini kwa miaka mingi, na naona kila mmoja anajadili roshani na dirisha huku jambo kubwa zaidi limeachwa. Kijana, kabini zote mbili ulizopewa ziko mahali pabaya kwa mzazi wako.

Meli ina mienendo miwili mikubwa. Wa kwanza ni kwenda mrama, yaani kulalia ubavu huu kisha ule. Wa pili ni kuinuka na kuinama, omo ikipanda tezi ikishuka, halafu kinyume chake. Meli za leo zina mapezi ubavuni, chini ya maji, ambayo hupunguza mrama kwa kiasi kikubwa, lakini kuinuka na kuinama hakuna pezi la kukuzuia. Mwendo huu wa pili ni mdogo katikati ya meli na mkubwa kwenye ncha mbili, na mrama nao huonekana zaidi kadiri unavyopanda juu. Kabini yako ya dirisha iko chini, jambo ambalo ni jema, ila iko omo. Ile ya roshani iko juu na iko tezi, kwa hiyo imekusanya mabaya yote mawili. Kwa anayezungukwa na kichwa, kabini inayofaa ni ya katikati ya meli, katika sitaha ya chini kabisa yenye roshani.

Njia ya ndani imetulia na pengine mama hatasikia chochote. Mtakapotoka Glacier Bay kuelekea Seward ndipo mtakapovuka Ghuba ya Alaska, ambayo iko wazi kwa bahari kuu, na hapo ndipo utanishukuru.

Omo ina adha nyingine pia. Mahali ambapo meli hutia nanga badala ya kufunga gati, mnyororo hushuka alfajiri kwa kishindo ambacho hakuna blanketi la kukizuia. Na meli inapokaribia gati, injini za kuisukuma kando huwa chini ya sakafu ya kabini za mbele, na kitanda hutetemeka. Kwenye baadhi ya meli madirisha ya sitaha za chini kabisa ni ya duara na yana vifuniko vya chuma. Bahari ikichafuka sana mabaharia huvifunga, na abiria hubaki bila hata hilo dirisha.

Tena roshani hazifanani. Meli kubwa kama Oasis of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2009, ina roshani zinazotazama bustani na uwanja wa michezo katikati ya meli yenyewe. Celebrity Edge ya mwaka 2018 ina kabini ambazo nusu ya juu ya kioo hushuka kwa kubonyeza kitufe, na chumba chote huwa ndiyo roshani. Nahodha anaweza kuzuia vioo hivyo visifunguke hali ya hewa ikiwa mbaya. Kuna roshani zilizochimbwa katika ubavu wa meli, zenye ukuta wa chuma badala ya kioo, ambapo aliyeketi huona anga tu mpaka asimame. Kwa mama mwenye magoti mabovu hiyo haifai hata kidogo. Katika meli za mito utakuta mlango wa kioo wenye ukingo mbele yake na hakuna hata mahali pa kuweka kiti. Muulize wakala roshani yako ni ya aina gani, akuonyeshe picha ya kabini yenyewe.

Mama wa Wawili:

Shikamoo mzee. Nimejifunza mengi.

Naomba kuongeza neno kwa wanaosafiri na watoto, kwani nao wanausoma uzi huu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria inataka kingo ziwe na kimo kisichopungua sentimita 107, nacho kinatosha kwa mtoto aliyesimama sakafuni. Hakitoshi kwa mtoto aliyepanda kiti, na kila roshani ina viti. Tulipokuwa na kabini ya roshani, sikulala usingizi mzuri kwa sababu ya mlango ule. Safari nyingine tulichukua dirisha pana lenye kizingiti kirefu, watoto wakakaa hapo wakihesabu mashua, nami nikapumzika. Kwa wenye watoto wadogo, nasema dirisha.

Baharia Mstaafu:

Marahaba binti yangu. Umesema kweli, na viti vikisogezwa ndani mlango unapofungwa, hatari hupungua sana.

Umenikumbusha na jambo la moto. Tarehe 23 Machi 2006 meli Star Princess, ikiwa njiani kwenda Montego Bay, Jamaika, ilishika moto ulioanzia kwenye roshani, na wachunguzi waliona kwamba huenda chanzo kilikuwa kipande cha sigara kilichotupwa. Vizuizi vya plastiki baina ya roshani na samani zake vilisaidia moto kupanda sitaha hadi sitaha, na abiria mmoja alipoteza maisha. Kanuni za kimataifa zikabadilishwa: tangu Julai 2008 roshani zinapaswa kuwa na vifaa vya kugundua na kuzima moto, isipokuwa zile zenye samani zisizoshika moto kwa urahisi. Ndiyo sababu kampuni nyingi hukataza sigara kwenye roshani, na ndiyo sababu mhudumu atakukemea ukianika taulo ukingoni. Msimchukie. Taulo inaweza kupeperushwa ikaingia roshani ya mwenzako.

Msafiri Mtulivu:

Mimi nilikuwa mtu wa dirisha daima, na kilichonibadilisha ni habari za meli Diamond Princess iliyokumbwa na UVIKO-19 huko Yokohama, Japani, Februari 2020. Watu wapatao 3,711 walikuwa melini wakati karantini ilipoanza, na abiria wakatakiwa kubaki kabini. Wenye roshani walipata hewa wakati wowote, ilhali waliokuwa katika kabini za ndani walisubiri zamu ya kutolewa sitahani kwa muda mfupi. Haitatokea kila safari, lakini hata homa ya kawaida inaweza kukufungia chumbani siku mbili, na siku mbili hizo huwa nyepesi zaidi ukiwa na mlango unaofunguka.

Mwanzisha uzi:

Mzee wangu Baharia, shikamoo, na nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa kuwa sikuwa nimefikiria kabisa suala la mahali pa kabini. Nina swali kuhusu mlango wa roshani. Je, mama ataweza kuufungua mwenyewe?

Baharia Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Swali zuri. Meli ikienda kwa noti 20, hiyo ni kilomita 37 kwa saa, na kama upepo unavuma kutoka mbele mnaujumlisha juu ya huo. Upande wa joshini, unaopigwa na upepo, mlango hushindana nawe, na upande wa demani, uliokingwa na upepo, huwa mwepesi. Usifungue mlango wa roshani wakati mlango wa kuingilia kabini uko wazi. Upepo hupita katikati, na nimeona vidole vikiumia. Katika mwendo wa kawaida amsubiri mtu wa kumfungulia. Ndani ya Glacier Bay meli huenda taratibu, hapo ataufungua mwenyewe.

Angalia pia kizingiti. Roshani nyingi zina kizingiti kilichoinuka ili maji yasiingie ndani, na mtu mwenye magoti mabovu huweza kujikwaa, hasa akitoka kwenye mwanga kuingia chumbani. Zipo kabini zenye sakafu iliyo sawa kwa ajili ya wasafiri wenye ulemavu. Kama mama anatumia kiti cha magurudumu ana haki ya kuiomba, na kama hatumii, basi awaachie wanaoihitaji, ninyi mzoeeni kumshika mkono.

Mwanzisha uzi:

Nimempigia wakala. Nimemweleza kwamba sitaki tena zile chaguo mbili, nikamwomba kabini yenye roshani ya ukingo wa kioo, katikati ya meli, sitaha ya chini kadiri inavyowezekana, ubavu wa kulia. Amepata moja ambayo nauli yake iko chini kidogo ya ile ya tezi, kwa sababu ukiinama ukingoni unaona mashua za kuokolea maisha chini yake. Ananiambia ukiketi hazionekani. Je, niichukue?

Mpanga Safari:

Ichukue, ila kwanza fungua ramani ya sitaha uone mashua ziko sitaha ya ngapi. Zikiwa moja chini yako, utaziona ukitazama chini tu, na mbele pako wazi. Zikiwa sawa na sitaha yako, atatazama ubavu wa mashua safari nzima, na hapo heri dirisha lisilo na kizuizi.

Baharia Mstaafu:

Na ukiwa na ramani hiyo mkononi, tazama kilicho juu ya kabini pia. Juu pakiwa na kabini nyingine, mtalala. Juu pakiwa na bwawa au ukumbi wa chakula, viti huanza kuburutwa kabla ya mapambazuko. Hakikisha namba ya kabini imeandikwa kwenye hati ya malipo, maana nauli nyingine huiachia kampuni ikupangie kabini yoyote ya daraja hilo, na mnaweza kujikuta tena kwenye omo.

Mwanzisha uzi:

Mashua ziko sitaha moja chini, na juu yetu kuna kabini. Namba imeandikwa kwenye hati. Nimelipa asubuhi hii, na mama ameanza kuulizia darubini.

Mpiga Picha:

Mnunulie yenye ukuzaji wa mara saba au nane, isizidi hapo. Zenye nguvu zaidi hukuza pia mtetemo wa mkono na wa meli, na nyangumi humpotea mtu kabla hajatulia.